Lisemwalo Lipo? Kalamu, Mshukiwa na Mizani ya Sheria

Kuna methali moja ambayo sisi watu wa pwani twaipenda mno, hata pengine twaitumia pasipo mahali pake. Twasema: "Lisemwalo lipo, na kama halipo, laja." Mtu akisikia kuwa jirani amechukuliwa na askari alfajiri, hata jua halijapanda, methali hiyo imekwisha kutolewa barazani pamoja na gahawa na kashata. Na yule aliyechukuliwa, ambaye hata kuhojiwa hajahojiwa, ameshahukumiwa. Hakuna aliyeuliza kosa lake ni lipi, wala ni nani aliyeona kwa macho yake. Limesemwa, basi lipo.

Maneno ya barazani aghalabu huishia barazani, ijapokuwa madhara yake si haba. Lakini neno likisha kupigwa chapa gazetini, au likatangazwa redioni, au kama ilivyo siku hizi, likarushwa kutoka simu hadi simu, huwa ni jambo jingine kabisa. Huwafikia maelfu ya watu wasiomjua mwenye kusemwa wala msemaji. Humfikia shahidi kabla hajatoa ushahidi wake, na humfikia hakimu nyumbani kwake akinywa chai. Hapo ndipo sheria inapoingia kati na kumwambia mwandishi: simama.

Leo, msomaji mpenzi, nataka tulitazame jambo hili kwa utulivu. Mwenye kalamu ana ruhusa kiasi gani ya kutoa rai yake juu ya jinai ambayo bado inapelelezwa? Mpaka uko wapi, na umewekwa kwa faida ya nani? Maana wako wasemao kuwa mpaka huo ni ngao ya wakubwa, na wako wasemao kuwa ni ngao ya wanyonge. Na kila upande una hoja zake.

MHARIRI ALIYEKWENDA GEREZANI

Sheria yetu ya Kenya, kama ijulikanavyo, mizizi yake mingi imetoka Uingereza. Basi hatuna budi kuanzia huko.

Mwezi wa Machi 1949, polisi wa London walikuwa wamemshika mtu mmoja kuhusu kupotea kwa mjane tajiri. Mtu huyo aliitwa John George Haigh. Gazeti la Daily Mirror, lililokuwa likisomwa na mamilioni ya watu, halikungoja. Lilitoa habari kwa herufi kubwa likimwita muuaji huyo mnyonya damu, likaeleza kwamba ameua watu kadhaa, na likawahakikishia wasomaji wake kuwa sasa walale salama kwa sababu mtu huyo yumo mikononi mwa polisi.

Haigh alipelekea malalamiko mahakamani kupitia kwa mawakili wake. Jaji Mkuu wa wakati huo, Lord Goddard, hakuwa na mzaha. Aliitoza kampuni ya gazeti faini ya pauni 10,000, ambazo kwa siku zile zilikuwa ni mali nyingi, na mhariri wake, Silvester Bolam, akamfunga miezi mitatu. Mhariri wa gazeti kubwa alikwenda jela kama mwizi wa kuku.

Sasa sikiliza jambo la kuzingatia. Haigh alikuwa muuaji kweli. Mwezi wa Julai mwaka huo huo alihukumiwa, na tarehe 10 Agosti 1949 akanyongwa. Kwa hivyo yule mhariri hakufungwa kwa kusema uwongo. Alifungwa kwa kusema kabla ya wakati, na mahali pasipokuwa pake. Mahakama ilikuwa ikisema kwamba kazi ya kumtia mtu hatiani ina mahali pake na utaratibu wake. Atakayeinyakua kazi hiyo amekosa, hata kama mwisho wa yote akaonekana kuwa alibahatisha sawasawa.

Wengi hawalifahamu jambo hili. Mwandishi kijana akiambiwa habari yake haiwezi kutoka, hujitetea kwa kusema: "Lakini ni kweli!" Bolam naye angeweza kusema vivyo hivyo katika chumba chake cha gereza.

MWALIMU WA BRISTOL

Tuje sasa kwenye kisa cha karibu zaidi, ambacho kinaonyesha upande wa pili wa sarafu hiyo hiyo.

Desemba 2010, katika mji wa Bristol, msichana aliyeitwa Joanna Yeates alitoweka. Maiti yake ilionekana kando ya njia siku ya Krismasi. Uingereza nzima ilishikwa na majonzi, na magazeti yakawa hayana habari nyingine. Tarehe 30 Desemba polisi walimkamata mwenye nyumba aliyokuwa akikaa marehemu, mwalimu mstaafu wa Kiingereza aitwaye Christopher Jefferies. Alikuwa ni mtu mzima wa miaka 65, hana mke, mwenye nywele ndefu nyeupe na mwenendo wake wa peke yake.

Haikuhitajika zaidi ya hayo. Nywele zake zikawa ushahidi. Upweke wake ukawa ushahidi. Vitabu alivyokuwa akipenda kusomesha vikawa ushahidi. Magazeti yalitafuta wanafunzi wake wa zamani na majirani, kila mmoja akaongeza chembe yake ya chumvi, na kwa muda wa siku mbili au tatu mtu huyo alifanywa kuwa zimwi mbele ya taifa. Mkuu wa Sheria, Dominic Grieve, alitoa onyo hadharani kuwakumbusha wahariri mipaka yao. Wengine walisikia, wengine walitia pamba masikioni.

Mwalimu huyo aliachiliwa kwa dhamana tarehe 1 Januari 2011. Tarehe 20 mwezi huo polisi walimkamata mtu mwingine, Vincent Tabak, aliyekuwa akiishi jirani na marehemu. Tabak alipatikana na hatia ya mauaji tarehe 28 Oktoba 2011, akafungwa maisha. Mwalimu hakuwa na hatia hata kidogo. Hakuwa na lolote alilolifanya isipokuwa kuwa na nyumba ya kupangisha na sura isiyowapendeza wapiga picha.

Tarehe 29 Julai 2011, Mahakama Kuu ya London iliyaona magazeti mawili, Daily Mirror na The Sun, kuwa yameidharau mahakama. La kwanza lilitozwa pauni 50,000 na la pili pauni 18,000. Siku hiyo hiyo magazeti manane yalikubali kumlipa mwalimu huyo fidia kwa kumchafulia jina na kumtaka radhi. Polisi nao baadaye, mwaka 2013, walimwandikia kumwomba radhi.

Magazeti yale yalikuwa na utetezi, na utetezi wenyewe haukuwa mwepesi. Walisema: mtu huyu hakupelekwa mahakamani, basi ni kesi gani iliyoharibiwa? Na hata angepelekwa, kesi ingesikizwa baada ya miezi mingi, na watu wangekuwa wamekwisha kusahau. Majaji walijibu kwamba madhara hayangojei siku ya kesi. Mtu akisha kupakwa matope namna ile, shahidi ambaye angeweza kumfaa huona haya au hofu kujitokeza. Ni nani atakayekwenda polisi kusema, "Mimi nilimwona zimwi huyu saa fulani mahali fulani, na hakuwa akifanya ubaya wowote"? Afadhali anyamaze. Na shahidi huyo akinyamaza, haki imekwisha kufa kabla ya kuzaliwa.

MPAKA UNAANZIA WAPI?

Sheria iliyowahukumu wahariri hao ilitungwa mwaka 1981, nayo inaeleza mpaka kwa wazi. Saa ya sheria huanza kwenda pale mtu anapokamatwa, au pale hati ya kumkamata inapotolewa. Tangu hapo mpaka mambo yamalizike, ni kosa kuchapisha jambo lolote linaloweza kwa hatari kubwa kuharibu vibaya mwendo wa haki. Nia ya mwandishi haitazamwi. Akisema "sikukusudia", haimfai kitu.

Lakini sheria hiyo hiyo ina milango. Kuripoti kwa uaminifu yale yaliyosemwa katika mahakama ya wazi kunaruhusiwa. Na mjadala wa kweli juu ya jambo linalohusu umma wote haukatazwi kwa sababu tu unagusa kesi kwa pembeni.

Na siku hizi majaji wa huko wamerudisha mpaka nyuma zaidi. Mwaka 2018 mwimbaji Cliff Richard alishinda kesi dhidi ya BBC, ambayo ilikuwa imeonyesha nyumba yake ikipekuliwa na polisi, hata helikopta ikitumika kupiga picha kutoka angani. Hakupata kukamatwa wala kushtakiwa. Alipewa fidia ya pauni 210,000. Kisha Februari 2022 Mahakama ya Juu kabisa ya Uingereza ikatamka kuwa mtu anayechunguzwa kwa jinai, kabla hajashtakiwa, kwa kawaida ana haki ya kutarajia kuwa habari hiyo itafanywa siri.

Wamarekani wao wamekwenda njia nyingine. Katiba yao hulinda sana uhuru wa magazeti, na ni shida kubwa kwa jaji wa huko kumziba mhariri mdomo. Badala yake, kesi ikiharibiwa na kelele, hukumu hutanguliwa. Daktari Sam Sheppard wa jimbo la Ohio alihukumiwa mwaka 1954 kwa kumuua mkewe, huku magazeti ya mji yakipiga ngoma ya kutaka afungwe. Alikaa gerezani miaka kumi. Mwaka 1966 Mahakama Kuu kabisa ya Marekani ikasema kuwa hakupata hukumu ya haki kwa ajili ya kelele zile, ikaamuru kesi irudiwe, na safari hiyo akaachiliwa. Ni dawa, naam, lakini ni dawa inayokuja baada ya mgonjwa kupoteza miaka kumi ya umri wake.

UNYAMAVU NAO UNA SUMU YAKE

Ningekuwa sikufanya insafu kama ningeishia hapo. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na haki ya magazeti ni hii: kuna wakati ambapo kunyamaza ndiko kunakoua haki.

Huko huko Uingereza, dawa iliyoitwa thalidomide ilipewa waja wazito mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960, na watoto wengi wakazaliwa na viungo pungufu. Gazeti la Sunday Times lilipotaka mwaka 1972 kueleza jinsi dawa ile ilivyoingizwa sokoni, lilizuiwa na mahakama kwa hoja kwamba madai ya fidia bado hayajamalizika. Madai hayo yalikuwa yamesota kwa miaka mingi, na wazazi walikuwa hawana nguvu ya kupambana na kampuni. Kesi ilikwenda mpaka Mahakama ya Ulaya ya Haki za Kibinadamu, na tarehe 26 Aprili 1979 majaji 11 dhidi ya 9 wakaamua kuwa kulizuia gazeti kulikuwa ni kuvunja uhuru wa kusema. Kesi ile haikuwa ya jinai, bali ya madai. Lakini ndiyo iliyowafanya Waingereza waitunge upya sheria yao mwaka 1981.

Kisha kuna kisa cha Stephen Lawrence, kijana mweusi wa miaka 18 aliyechomwa kisu akingoja basi kusini mwa London, tarehe 22 Aprili 1993. Polisi walizembea. Washukiwa walijulikana, lakini kesi ikaanguka. Februari 1997 gazeti la Daily Mail lilichapisha picha za vijana watano katika ukurasa wa kwanza, likawaita wauaji, na likawaambia kama limesema uwongo walishtaki. Hakuna aliyelishtaki. Wakati ule hapakuwa na kesi yoyote iliyo hai, kwa hivyo gazeti halikuidharau mahakama. Hatari lililojitia ni ya kuvunja heshima za watu, na lilikuwa tayari kuibeba. Januari 2012, baada ya miaka karibu 19, wawili katika watano hao walipatikana na hatia.

Na angalia hekima ya sheria. Kesi hiyo ilipokuwa ikisikizwa mwishoni mwa 2011, jarida la Spectator lilichapisha makala ya maoni kinyume cha amri ya jaji, na mwaka 2012 likatozwa faini ya pauni 3,000. Kisa ni kile kile na washukiwa ni wale wale. Yaliyosemeka mwaka 1997, mahakama ikiwa imelala, hayakusemeka mwaka 2011, mahakama ikiwa macho. Ajuaye wakati wa kusema na wakati wa kunyamaza ndiye ajuaye kazi hii.

Kwetu pia tumeonja sumu ya unyamavu. Dakta Robert Ouko, Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje, alitoweka nyumbani kwake Koru Februari 1990, na maiti yake ikaonekana imechomwa moto katika kilima cha Got Alila. Wapelelezi waliletwa kutoka Uingereza wakiongozwa na John Troon. Tume ikaundwa chini ya Jaji Evan Gicheru, nayo ikavunjwa na Rais Moi Novemba 1991 kabla haijamaliza kazi. Ofisa mmoja wa utawala alishtakiwa, na mwaka 1994 mahakama ikamwachilia. Hakuna mtu aliyehukumiwa kwa kifo kile. Katika siku zile mwandishi hakuogopa kuharibu kesi, aliogopa mengine. Kwa hivyo anaposimama mkubwa na kusema, "Jambo hili liko mikononi mwa wapelelezi, msiliguse," yatupasa tuulize: je, kuna mtu aliyekamatwa? Kuna kesi? Au neno "uchunguzi" limegeuzwa kuwa kaburi?

SHERIA YA KWETU

Katiba yetu ya 2010 imeziweka haki hizi mbili ndani ya kanzu moja. Kifungu cha 33 kinampa kila mtu uhuru wa kujieleza, na kile cha 34 kinalinda uhuru wa vyombo vya habari. Lakini kifungu hicho cha 33 chenyewe kinamtaka mwenye kusema aheshimu haki na jina la mwenzake. Na kifungu cha 50 kinasema kuwa kila mshtakiwa huhesabiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe kinyume chake.

Bunge lilitunga sheria maalumu ya kuidharau mahakama mwaka 2016. Novemba 2018 Mahakama Kuu ikaifuta sheria hiyo kwa kuwa iliipinga Katiba. Asidhani mtu kuwa basi mlango umebaki wazi. Mahakama zingali na uwezo wao wa asili wa kuilinda kazi yao, na jaji akitoa amri kuwa jambo fulani lisichapishwe, atakayechapisha atajibu. Mwaka 2017 Mahakama Kuu pia iliifuta jinai ya kuvunja heshima iliyokuwa katika sheria za adhabu. Hilo nalo ni jema, kwani mwandishi hastahili kulala korokoroni kwa sababu ya neno. Lakini kesi ya madai ingalipo, na fidia zake zimepata kuwatoa jasho wahariri wengi.

Wako wanaosema: sisi hatuna juri la raia 12 kama Waingereza, na hata wale wazee wa baraza waliokuwa wakiketi na jaji katika kesi za mauaji waliondolewa mwaka 2007. Kesi zetu huamuliwa na jaji peke yake, mtu aliyesoma, hawezi kubabaishwa na gazeti. Hoja hii ina ukweli nusu. Jaji amesoma, lakini mashahidi ni watu kama mimi na wewe. Chukua gwaride la utambulisho, pale mshukiwa anapopangwa mstari na wenziwe ili shahidi amtoe. Ikiwa picha ya mshukiwa imekwisha kutoka gazetini, shahidi anamtambua nani? Yule aliyemwona usiku wa tukio, au yule aliyemwona gazetini asubuhi? Wakili wa mshtakiwa atauliza swali hilo, na gwaride lote litapoteza nguvu. Hivi ndivyo gazeti linavyoweza kumponza asiye na kosa, na hivyo hivyo ndivyo linavyoweza kumwokoa mwenye kosa. Mzazi wa aliyeuawa naye hupoteza haki yake.

Tena kuna ule muda wa hatari. Katiba inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Lakini mara nyingi polisi humfikisha, kisha huomba wapewe siku zaidi wamalize upelelezi. Katika siku hizo mtu hana shtaka la kujibu, ila jina lake na uso wake vinatembea nchi nzima. Sisi wa pwani tunaujua muda huo. Baada ya shambulio la Kikambala la tarehe 28 Novemba 2002, ambapo watu 13 waliuawa mbali na wale waliojilipua, ndugu zetu kadhaa walikamatwa na kushtakiwa. Mwaka 2005 mahakama iliwaachilia kwa kukosekana ushahidi wa kuwatia hatiani. Hukumu husomwa siku moja tu. Lakini lile jina la "gaidi" likisha kumkaa mtu, humfuata sokoni na kazini, na likawafuata hata watoto wake shuleni.

SOMO LA ZAMANI

Kwa Mwislamu, habari hii si ngeni. Aliyesoma Surat Hujurat ameamrishwa kuichunguza habari iletwayo na mtu asiyeaminika, asije akawadhuru watu kwa ujinga kisha akajuta. Na ameonywa juu ya dhana, kwani baadhi ya dhana ni dhambi. Na katika mizani ya makadhi, ushahidi humlazimu anayedai.

Kisa cha Bibi Aisha chajulikana. Aliachwa nyuma na msafara alipokuwa akitafuta kidani chake, akarudishwa na Safwan, na mji wa Madina ukashikwa na maneno. Yalisemwa kwa muda wa karibu mwezi mzima, mpaka aya za Surat Nur ziliposhuka kumtakasa. Lenye kutuhusu sisi wenye kalamu ni kwamba, kwa mujibu wa riwaya, katika waliopigwa mijeledi kwa ajili ya maneno yale alikuwamo Hassan bin Thabit, na Hassan alikuwa nani? Alikuwa mshairi. Hakuyazua yeye; aliyapokea na kuyapitisha. Ama Bibi Zainab, mke mwenza ambaye kwa dunia angekuwa na sababu ya kumsema mwenziwe, alipoulizwa alijibu kuwa ahifadhi masikio yake na macho yake, na kwamba hakumjua Aisha ila kwa wema.

Vijana wajao kwangu kujifunza utunzi nimepata kuwapa ubeti huu wauhifadhi:

Neno lilotoka ndani, halirudi kwa majuto
Limefika mitaani, laenda kama kijito
Hajapimwa mizanini, amekwisha tiwa moto
Mwenye kalamu amini, ulimi una uzito

BASI TUANDIKE NINI?

Asifikiri msomaji kuwa namtaka mwandishi awe bubu. Yapo mengi ya kuandika, na ni wajibu kuyaandika. Aandike kwamba mtu fulani ameuawa, na lini, na wapi. Aandike kwamba mtu amekamatwa, na amefikishwa mahakama gani, na shtaka lililosomwa ni lipi, na alilijibu vipi. Aandike yaliyosemwa kortini kwa uaminifu, pande zote mbili, wala asiripoti siku ya mashtaka kisha akapotea siku ya kuachiliwa. Aulize kwa nini polisi wamechelewa, kwa nini faili limepotea, kwa nini mwezi wa tatu huu hakuna aliyekamatwa. Hayo si kuhukumu. Hayo ni kuikumbusha serikali kazi yake.

Asichopaswa kukiandika ni hiki: kwamba fulani ndiye. Wala asikifiche kwa hila ya lugha, kwa kusema "inasemekana" au "duru zasema" au "wengi wanaamini". Neno "inasemekana" halina uwezo wa kumwosha mwandishi; sheria humwuliza aliyelichapisha, haimwulizi aliyelinong'ona. Asichapishe kuwa mtu amekiri polisi, kwani kukiri huko huenda mahakama ikakukataa. Asichimbue makosa yake ya zamani, wala asimtumie mama wa mshukiwa kama pambo la ukurasa.

Na haya hayawahusu waandishi peke yao. Zamani mwenye mtambo wa kupiga chapa alikuwa mmoja katika mji. Leo kila mwenye simu ana mtambo mfukoni. Yule anayepokea picha ya kijana aliyefungwa pingu, akaipeleka katika kundi la WhatsApp la mtaa na maneno mawili ya kumlaani, amekwisha kuchapisha. Sheria ya kuvunja heshima humtambua, wala kusema "nilitumiwa tu" hakumwondolei lawama.

Kwa hivyo mara nyingine habari za namna hii zitakapokufikia, ndugu yangu, kabla hujaitoa ile methali yetu, jiulize maswali matatu: nani aliyeona, nani aliyeapa, na jaji gani aliyeamua? Usipopata jibu la hata moja, lililobaki mkononi mwako ni uvumi. Uache hapo ulipoukuta. Na ikiwa wewe ni jirani uliyemwona mtu yule saa ya tukio, mahali pengine, akifanya shughuli zake, basi usiogope kelele za mji. Nenda ukaseme kwa mwenye kupeleleza. Pengine ni wewe tu uliyenaye ushahidi wa kumtoa.